Mlio wa Upande wa Pili

"Mzee Asukile, leo nakwambia kwa mara ya mwisho," Mama Goodness alisema, mdomo ukiwa karibu kabisa na tofali. "Kazi yangu, mteja wangu. Ukinisemesha tena nikiwa nachomelea, huu ukuta nauongeza mpaka tusisikiane."

Upande wa pili Mzee Asukile alikuwa amesimama na kikombe cha chai kilichopoa. Alijitetea kwamba hakuwa na nia mbaya. Alisema tu waya wa mashine ya kuchomelea unakwenda mbio kuliko moto, ndiyo maana inarusha cheche.

"Umesema nakaanga bisi. Mbele ya mteja."

"Zilikuwa bisi kweli, mwanangu."

Mteja naye, mtu wa maneno, alikuwa ameuliza fundi wa geti lake hasa ni nani: huyu mama aliyevaa kinga ya uso, au ile sauti ya ukutani. Nyumba nzima ilicheka, na nyumba ile haikosi watu. Kuna mashemeji, wapangaji, na wauza nyanya waliokuja kuomba maji wakakaa mpaka jioni. Mama Goodness peke yake hakucheka.

Uyole neno halilali njiani. Kabla jua halijazama, dukani walishasema mzee ana wivu. Wengine wakasema wivu wa nini, mzee anatafuta kualikwa chakula, kafiwa na mke, nani asiyejua. Hilo la pili lilimfikia, likamuuma. Mtu mzima haendi kwa jirani saa ya kula kama hajaitwa, na matanga ya mkewe yalipoisha, kuitwa nako kuliisha. Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo kuliko maneno ya dukani: kutwa nzima, maneno aliyoyatamka kwa binadamu mwenzake ni yale ya ukutani tu.

Hakuwahi kumwona yule mama akichomelea. Ukuta ni mrefu. Alimsikia. Masikio hayo aliyapata Iringa, kwenye karakana za malori, alikounga matela na matangi tangu nywele zikiwa nyeusi. Huko ndiko alikojua kwamba mashine ya waya hujisemea yenyewe. Ikipasukapasuka, waya umezidi. Ikikohoa, upepo umechukua gesi inayokinga mshono, nao utatoka na matundu kama mkate. Ikitulia, ikachirizika kama mafuta jikoni, basi usiguse kitu. Sukuma tochi ya kuchomelea polepole, usiivute, umbali uwe uleule. Hayo alimrushia Mama Goodness juu ya ukuta, moja leo, lingine kesho, tangu siku mashine ilipoletwa. Ni kweli pia kwamba mama hakuwahi kumwomba.

Basi akanyamaza. Akahamisha kigoda chake kutoka ukutani mpaka mlangoni kwake. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchomelea. Siku ya kwanza alimsikia anaanza mshono mrefu bila kushikiza kwanza kwa nukta, akajua chuma kitavuta na fremu itapinda. Akauma ulimi. Baadaye akasikia nukta moja upande huu, kimya, nyingine upande ule. Amekumbuka mwenyewe. Mzee akatabasamu, na hakuna aliyemwona akitabasamu.

Siku hizohizo maharage yake yaliungua. Sufuria ilikuwa nyuma yake tu, asijue, mpaka moshi ulipomfikia machoni. Moshi wa mabati ulimla pua zamani, tangu enzi za kufanya kazi uso wazi, na sasa hanusi chochote, liwe ua au kiwe choo. Akakwangua sufuria, akala mkate mkavu na chumvi.

Jumamosi, muziki wa saluni ya ng'ambo ya barabara, ule unaotikisa madirisha tangu asubuhi, ulizimika katikati ya wimbo. Mzee akashukuru. Kwa jirani palikuwa na vicheko, ndoo ikaburutwa, mtu akaambiwa asogee. Halafu ule mlio ukaanza.

Alisimama na kigoda mkononi. Akakirudisha ukutani, akaegemeza sikio kwenye tofali. Hapakuwa na bisi hata moja. Mlio ulichirizika, mzito, sawasawa, ukaenda mpaka akadhani mama anashona geti zima bila kupumua. Ukafifia. Ukaanza tena, uleule. Gesi imetulia. Waya na moto vimepatana. Mkono sasa ni mkono wa fundi.

Hapo ndipo shida ilipomkamata. Kunyamaza alikuwa ameamua. Lakini fundi akishafika, aachwe bila kuambiwa? Na akiambiwa, basi imekwisha, maana aliyefika hahitaji sauti ya ukutani. Hakutakuwa na haja ya kuongeza tofali. Mzee alikaa na hilo kwa muda, mlio ukiendelea, akiusikiliza kama mtu anayesindikiza mgeni na hataki wafike njia panda.

"Mama Goodness," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nisamehe, najua ulinikataza. Lakini hapo umefika. Huo mlio niliwadai vijana wangu Iringa miaka yote, wachache sana walionipa. Sina cha kukufundisha tena."

 Upande wa pili mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na wengine wakamfuata, mpaka Mama Goodness alipowanyamazisha. Sauti yake ikaja karibu na tofali, laini.

"Umeme umekatika kitambo, baba. Hivyo ni viazi, na vya mwisho viko kwenye karai. Zunguka mlangoni uje ule, tunakusubiri wewe."