Mama Mkwe Harudii Nguo

Darlene alikuwa anavutana na toroli la dukani kama mtu anayemvuta mbuzi mkaidi kumtia bandani.

“Limekwama hili! Friederike mwanangu, hebu niitie mtu.”

Friederike alitoa sarafu ya yuro moja, akaitia kwenye tundu, toroli likaachia. Mama mkwe wake mtarajiwa akamtumbulia macho.

“Jamani, mpaka toroli mnakodi? Kwetu Ohio yanazurura bure uwanjani, unachukua unalolitaka.”

“Ukilirudisha mahali pake unapata yuro yako, mama.”

“Yuro moja! Nani atajisumbua kurudi mpaka huku kwa yuro moja?”

Friederike alicheka, lakini moyoni hakukuwa na cha kuchekesha. Kesho yake ilikuwa harusi. Baba yake, mzee Gebhard, alikuwa amewaahidi yeye na mchumba wake Garrett ghorofa ya juu ya nyumba yake, iliyokaa tupu tangu bibi yake Friederike afariki. Kisha Darlene, mama yake Garrett, akashuka kwenye ndege na masanduku yake makubwa, na mzee akageuza kauli.

“Nyumba hii nimeijenga huku nikitia viraka soksi zangu mwenyewe,” alisema. “Siwezi kumkabidhi mtoto wa mbadhirifu. Ngoja nimtazame huyo mama vizuri. Jibu nitatoa mezani, usiku wa kuamkia harusi.”

Na alikuwa na haki ya kuogopa, maana mama yule alikuwa na mambo! Tangu afike, kila siku nguo mpya. Leo gauni la kijani, kesho suti ya rangi ya maziwa, keshokutwa hariri ambayo Gebhard hakuthubutu hata kuuliza bei yake. Viatu vyake vilikuwa safi mpaka soli. Mzee mwenyewe alikuwa na koti moja la kutokea, lile alilovaa siku Friederike alipobatizwa, na alikuwa akimchungulia mgeni dirishani na kutikisa kichwa mpaka shingo ikamuuma.

Humo dukani Darlene hakufunga mdomo. Jibini na divai, kwa urahisi wa bei, aliona kama vinagawiwa bure. Suruali ya jinzi aliishika, akaiachia kama imemuunguza.

“Kwa bei hii kwetu unapata mbili na mkanda juu. Na wewe, hizo karoti nne za nani? Kuna sungura nyumbani?”

“Zinatutosha leo, mama. Huwa ninakuja kila siku.”

“Kila siku dukani! Sisi tunaingia mara moja kwa wiki, tunajaza gari mpaka linalia.”

Kwenye kaunta alishangaa kwamba kodi imeshaingizwa kwenye bei, akataka kumkumbatia muuzaji. Furaha hiyo haikudumu. Muuzaji alimsukumia bidhaa mbiombio, hakuna wa kuzipakia, na mfuko nao unauzwa.

Wakiwa njiani Friederike akajipa moyo. “Mama, usiku wa leo, kama hutajali, uvae kitu cha kawaida tu. Baba yangu ni mtu wa... wa kubana kidogo.”

“Ananiona nachoma pesa, eti?” Darlene akacheka mpaka akashika mbavu. “Mwache mzee wa watu. Mimi najua ninachokifanya.”

Usiku akashuka na gauni la buluu lisilo na mfano, na skafu shingoni. Friederike alitamani ardhi immeze.

Mezani mambo yakazidi kuharibika. Darlene alikataa bitiruti. Divai nyekundu, fahari ya Gebhard, aliisogeza mbali kwa kidole kimoja. Dengu na tambi alikula akiwa amejifunga kitambaa mpaka kidevuni, mgongo wima, hataki hata kuegemea kiti.

“Divai yangu ina kasoro, bibi?” mzee akauliza.

“Hata kidogo! Mimi nipe maji tu, tafadhali.”

Gebhard akanuna. Garrett jasho lilikuwa linamtiririka, anakula tu.

Kijiko kikamponyoka Darlene, akainama kukiokota, skafu ikateleza. Hapo Friederike akaiona: lebo ya bei inaning'inia nyuma ya shingo, nambari zake kubwa, nyekundu. Masikini, mama wa watu amesahau kuitoa! Na ilibaki kidogo tu baba aione. Akiisoma bei ile, ghorofa ndiyo basi tena.

Friederike akainuka taratibu, akachukua mkasi kabatini, akazunguka nyuma ya mama mkwe kama anayekusanya sahani. Garrett aliuona ule mkasi, akatoa macho, akapunga mikono yote miwili, lakini mdomo ulikuwa umejaa tambi.

Kacha!

Darlene akajipapasa shingo. Akageuka, akaiona lebo mkononi mwa mkwewe, akapiga ukelele uliomwamsha mbwa wa jirani.

“Umeikata! Mtoto wewe, umenimaliza! Hili lilikuwa linarudi dukani nikifika tu nyumbani! Bila lebo hawanirudishii hata senti!”

Friederike alisimama na mkasi wake, machozi yanamlengalenga. Amekwisha.

Gebhard akaweka uma chini.

“Linarudi dukani?” akauliza polepole. “Na lile la kijani?”

“Zote zinarudi!” Darlene akalia. “Na viatu!”

“Na masanduku?”

“Na masanduku!”

Mzee akainuka, akaenda ukutani, akatungua funguo za ghorofa na kuziweka mbele ya Garrett. Kisha akamfungua Darlene kile kitambaa cha kidevuni, kwa upole kabisa, na kumjazia bilauri divai nyekundu mpaka juu.

“Karibu nyumbani, mkwe wangu,” akasema. “Kunywa tu. Gauni hilo limeshakuwa lako.”