Kikoi Nyuma ya Choo

Mwezi mzima Shekue alilala mkekani sebuleni, akimdanganya mkewe, Mwanahawa, kuwa mgongo unamuuma. Kikoi chake alikifua mwenyewe na kukianika nyuma ya choo, mbali na nguo zake.

Leo daktari wa zahanati alivitazama vinundu vilivyomwota sirini, wala hakukunja uso hata aliposikia habari za kikoi. "Masundosundo haya, baba. Si saratani, na yanatibika. Huambukizwa ngozi zikigusana mnapokutana kimwili, kikoi hakina kosa. Kesho njoo na mama, naye tumpime."

Aliporudi, alimkuta Mwanahawa akipanga kanga sandukuni.

"Nakwenda kwetu," alisema. "Huyo unayemfichia kikoi, muoe kwa amani."

Shekue akamweleza yote, macho sakafuni. "Nani kampa mwenzake, sijui. Daktari anasema hukaa mwilini hata miaka bila kuonekana."

Mwanahawa aliiweka chini kanga aliyoishika. "Yaani umelala na maradhi sebuleni, nami nalala na mke mwenza kichwani! Zahanati wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

Mwanahawa alitoka nje. Kupitia dirishani Shekue alimwona akikianua kikoi kule nyuma ya choo, akaja kukitundika kwenye kamba, kando ya kanga yake. Sanduku alikuwa ameliacha wazi.