Mpini wa Mpingo

"Umefeli tena, mwalimu," alisema Mzee Osvaldo, akakitupa kisu kwenye ndoo ya vyuma chakavu, kama alivyovitupa vingine vinane.

Mwalimu Gaudensi alikifuata kisu kwa macho. Mchana alifundisha hesabu Naliendele. Jioni alivua tai, akafua springi za gari nyuma ya nyumba mpaka majirani wakalalamikia moshi. Tangu binti yake Glory achumbiwe, alijiapiza kwamba mtoto ataolewa akiwa na kisu kilichofuliwa na baba yake. Lakini kwanza Mzee Osvaldo, mhunzi wa Mikindani, akipitishe. Aibu iliyoje kumpa mtoto kisu kibovu!

Kwa hiyo alipeleka mabapa matupu; mpini ungetiwa kikishapita. Jina lake aliona haya kulionyesha, akachapa tu herufi G iliyopinda kwenye mkia, ule unaozama ndani ya mpini.

"Kasoro yake nini, mzee?"

"Hakina roho. Kiache hapo hapo."

Tanuru ilikuwa baridi, kama juma lililopita. Mzee alilalamikia bega. Hata hivyo meza yake ilijaa visu vyenye mipini ya mwembe, na akina mama wauza samaki walikuwa wakivigombania.

Ijumaa, harusi ikiwa kesho, Gaudensi alisalimu amri. Alimtuma mkewe, Theresia, akanunue kisu cha Osvaldo. Yeye mwenyewe hakuwa na uso wa kwenda.

"Si nilikwambia, Baba Glory? Wewe chaki inakutosha," Theresia alicheka, akakiweka kisu mezani. "Mzee mwenyewe kakitoa shingo upande. Anasema tangu ashike nyundo hajafua kizuri kama hiki."

Kilikuwa kimeng'arishwa mpaka unajiona uso. Gaudensi alikipitisha kwenye karatasi. Ikagawanyika bila kelele. Wivu ulimchoma, hakuuficha.

Lakini alikuwa na mpini wa mpingo aliouchonga wiki mbili nzima kwa ajili ya Glory. Chuma kiwe cha Osvaldo, basi. Angalau mpini uwe wa baba.

Aliugonga ule wa mwembe kwa nyundo. Ukapasuka, ukaanguka vipande viwili.

Theresia alimwona mumewe akikisogeza kisu dirishani, akikipangusa mkia kwa kidole, mara moja, mara ya pili.

Palikuwa na herufi moja tu, imepinda: G.