Tope la Miaka Mitatu

Germana alichimba shimo katikati ya mahindi yake yaliyofukiwa na tope, akamwita jirani wa mlimani aje aone.

"Mvua ni kazi ya Mungu, mama," jirani alianza.

"Na majani yaliyokuwa yakikinga maji mpakani, aliyeyang'oa ni Mungu? Tazama! Tope la juu la mwaka huu. Hili la mwaka wa sabini na nane. La chini la sabini na saba, ulipopanua shamba lako la ngano."

Alilipiga la chini. Jembe likadunda.

"Binti yangu kafundishwa shuleni: tope likilaliwa na tope jingine miaka na miaka, hugandamana likawa mwamba. Unangoja hilo?"

Akamtupia jembe miguuni.

"Shamba lako limehamia kwangu. Chimba, ulibebe."