Blanketi la Misheni

Namba iliyotoka kwenye bakuli ilikuwa ya Gudveig, na zawadi yenyewe ilikuwa blanketi la kijivu alilofuma dada yake kabla hajafariki mwezi Machi.

Nje theluji ilidondoka taratibu juu ya ghuba. Ndani ya ukumbi wa kanisa mvuke wa kahawa ulikuwa umetanda, kana kwamba sote tumekaa ndani ya wingu.

Kila msimu wa baridi tunachezesha bahati nasibu kwa ajili ya hospitali ya misheni kule Madagaska, na anayeshinda huirudisha zawadi papo hapo ili ichezeshwe tena. Desturi hii haijaandikwa popote. Anayehakikisha tunaifuata ni Gudveig mwenyewe.

"Haya, rudisha, mama mwenyekiti!" nilimtania. "Mwaka jana ulinipokonya keki niliyoshinda hata sijainusa!"

"Narudisha, narudisha. Una kelele wewe!" Akaliinua blanketi juu ili watu walione.

Mikono yake ikaganda hewani.

Kwenye mwanga wa dirisha, katikati ya sufu ya kijivu, uling'aa unywele mmoja mrefu, mweupe, uliofumwa humo humo. Aliufuata kwa ncha ya kidole, polepole, kitanzi kwa kitanzi, mpaka ulipozama.

Mchezeshaji alinyoosha mkono apokee. Ukumbi mzima ulingoja.

Gudveig aliketi, akalitandaza blanketi magotini, akalivuta pindo lake mpaka kidevuni.

"Taja namba nyingine," alisema.