Nyota Tano kwa Kamusi ya Visawe

Nyota tano! Lipieni kamusi hii, jamani, msisite! Neno kali hugeuzwa kisawe laini kabla halijanifikia, nilisikie kwa kifaa cha sikioni au nilisome kwa miwani yake. Mavyaa wangu, Bi Mize, mama wa mume wangu, aliyekuwa akiniita mvivu, sasa namsikia akiniita mtulivu. Nyumba imepoa! Jana kanipa kanga mpya, na kwenye miwani maneno yake yanasomeka: “Karibu, ukae nasi.” Nikajifunga papo hapo, nikapiga vigelegele.

Leo kaja dada yangu Saumu, ambaye hajalipia. Aliisoma kanga mgongoni mwangu, kisha akaanza kunifungashia nguo. Nikamuuliza kulikoni. Akajibu huku akilia, nami nikasikia: “Mavyaa wako anakupenda. Twende tukatembee kwetu.”

Safari, jamani! Nyota tano!