Fundo la Kanga

Hifadhi ile ya mlimani ilikuwa na sheria moja: ukitoka langoni, unaacha kumbukumbu zote za safari, ili ukirudi uone kila kitu kipya.

Bibi Tusekile na mjukuu wake Sekela walilala hemani, wakachoma viazi, wakatembea polepole katikati ya maua.

“Kitendawili!”

“Tega!”

“Mchana naibeba, usiku…”

“Hema!” Sekela akadakia.

“We mtundu, nani kakwambia? Nimekitunga sasa hivi!”

Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kicheko kile Bibi hakutaka kukiacha. Walipokaribia lango, akashika pindo la kanga afunge fundo la ukumbusho. Vidole vikakuta mafundo tele, yale ambayo nyumbani alishindwa kujua aliyafungia nini. Akafunga na hili, akalikaza.

“Bibi,” Sekela akamvuta mkono, “siku moja tuje tena!”